Ono la Ruponda na Mlango wa Bibi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini Nachingwea, Paroko hakuanza na katekisimu. Alinikalisha kwenye benchi nje ya ofisi ya parokia akaniambia, "Mwalimu, mtu akija kukwambia ameona, usipige magoti, wala usicheke. Mpe maji anywe, kisha umuulize kama anapata usingizi." Kwetu katekista huitwa mwalimu hata kama hajawahi kushika chaki. Nilidhani ananitania. Nilikuwa msichana mwenye kiherehere cha utakatifu, natamani aje mtu aliyemwona malaika asubuhi ileile. Aliyekuja ni mzee mmoja kuulizia zamu ya kufagia kanisa.

Nikapangiwa Marambo, baadaye Mkotokuyana, huko kwenye vigango, yaani makanisa madogo ambayo padre hufika kwa zamu na siku nyingine zote katekista ndiye kila kitu. Nilifundisha watoto, nilizika watu, nilipatanisha wanandoa. Na maono niliyapokea. Kuna aliyemwona Yohane Mbatizaji wakati wa malaria, na dawa ilipomwingia Yohane akaondoka. Kuna aliyetumwa na Mungu amwambie mkewe asiende tena kwao kusalimia. Huyo sikumpa hata maji.

Vijana mnaosoma haya mjue kwanza fundisho lenyewe. Kanisa linasema Mungu amekwisha kusema yote ya wokovu kwa Kristo. Anachokiona mtu baada ya hapo huitwa ufunuo wa binafsi, na hata Kanisa likiukubali, muumini halazimiki kuuamini. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo. Wanadhani kukataa ono la jirani ni dhambi.

Nilipohamishiwa Ruangwa nilikuwa mtu mzima, mjane, nazungumza Kimwera na Kiyao sawasawa na Kiswahili. Ndiyo sababu Askofu alipounda tume ya kuchunguza ono la kigango kimoja upande wa Ruponda, niliitwa niwe mkalimani na mwandishi wake. Mwenyekiti wa Tume alikuwa padre mwanasheria wa Kanisa, mtu mkavu, hata mzaha wake ulihitaji kuelezwa. Alinipa masharti njiani. "Usimuulize, 'Ulimwona Bikira Maria?' Ukimuuliza hivyo umeshamjibia. Muulize alimwona nani. Na utenganishe mambo matatu: alichokiona, alichokisikia, na alichokiwaza baadaye. Watu huyachanganya, tena bila nia mbaya."

Mwonaji aliitwa Skolastika, mama wa makamo, mkulima wa korosho na ufuta. Alikuwa amefiwa na bintiye mdogo, Sabina, aliyefariki mara tu baada ya kuzaliwa. Alisema amemwona mwanamke wa nuru kwenye shamba lake, asubuhi, akipalilia. Habari zikaenea. Watu walikuja kusali, Wakristo na Waislamu, maana kwetu Bibi Mariamu anaheshimiwa na wote. Hilo peke yake lisingetuleta haraka. Kilichotuleta ni kwamba ono lilikuwa limemtaja mchawi.

Mchawi mwenyewe, kwa maneno ya watu, ni Bibi Somoe, jirani wa Skolastika, Mwislamu, mjane mzee, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji kile. Ndiye aliyempokea Sabina. Ilisemwa kwamba Mama wa Mungu amemnyooshea mkono na kusema ndiye aliyemla mtoto. Vijana walikuwa wameshamtangazia ahame, la sivyo nyumba itachomwa. Tulipofika tulimkuta ameketi barazani na furushi lake limefungwa, vyombo na mkeka, anangoja mpwa wake aje na pikipiki. Mzee wa miaka ile angekwenda wapi? Niliumia sana kumwona.

Mwenyekiti hakuharakishwa na mtu. Kwanza alitaka cheti cha daktari, nasi tulikuwa tumemtanguliza Skolastika hospitali. Hakuwa na homa wala kifafa, ila tangu msiba alikuwa halali vizuri. Kisha tukaketi naye ndani ya kanisa, mlango wazi, watu wamekaa mbali.

"Uliona nini?"

"Mwanamke, Baba. Amejitanda nguo nyeupe. Ameelekea nyumba ya Bibi Somoe."

"Mikono yake ilikuwaje?"

"Ameinyoosha."

Nami nilikuwa tayari kuandika "ameinyoosha" tuendelee. Mwenyekiti akanizuia. "Usinisimulie," akamwambia Skolastika. "Simama ufanye kama alivyofanya."

Skolastika akasimama. Akakunja magoti kidogo, akatoa mikono yote miwili mbele, viganja juu vimeungana, kama mtoto wa kwetu anavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa wake. Nimeishi huku maisha yangu yote na sijaona mtu akimshitaki mwenzake kwa mikono ya kuomba.

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Hakufumbua mdomo."

"Sasa hilo jina la mchawi limetoka wapi?"

Akamtazama Mzee Faustini, mwenyekiti wa kigango, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma. "Mzee aliniuliza, alikuwa anaelekea kwa nani? Nikasema kwa Bibi Somoe. Akasema, basi tumeshamjua." Machozi yakamtoka. "Na mimi nikaona ndivyo. Mwanangu alikatia roho mikononi mwake, Baba. Mikononi mwake!"

Mzee Faustini hakuwa mtu mbaya. Alifanya kosa la watu wa kwetu: mtoto akifa hatuulizi kafa kwa nini, tunauliza nani.

Mwenyekiti wa Tume akatoa maagizo mawili. Hii ndiyo sehemu ya kazi iitwayo kupima utii, kwa sababu ono la kweli haliogopi kungoja. "La kwanza, usilisimulie tena jambo hili mpaka Askofu aseme. La pili, toka hapa uende ukamwamkie Bibi Somoe."

La kwanza alilikubali. La pili lilimshinda. "Siwezi, Baba. Afadhali niseme sikuona kitu."

"Hapo utakuwa umesema uongo, na sijakuja huku kukusanya uongo. Kama uliyemwona ni Mama wa Bwana, hatakukasirikia kwa kumwamkia mzee."

Skolastika alikaa muda mrefu ameinama. Mwishowe alijifunga kanga yake vizuri akatoka, nasi nyuma yake, na kijiji nyuma yetu. Vijana walikuwa wamesimama kwenye michongoma, mmoja ananong'ona, "Leo kinanuka." Bibi Somoe alipotuona alishika furushi lake.

"Shikamoo, Bibi."

Akaitikia kwa sauti ndogo, "Marahaba." Akaongeza, "Sikunla ntoto wa ntu mie. Yule ntoto nilinlilia kabla yako. Wewe ulikuwa umezimia."

"Sikujua, Bibi."

"Ungejuaje? Hukuniuliza."

Skolastika akapiga magoti, akalifungua lile furushi, akaanza kurudisha vyombo ndani, sufuria baada ya sufuria, na Bibi Somoe akimwelekeza pa kuviweka. Vijana walitawanyika mmoja mmoja. Mpwa alipofika na pikipiki yake aliambiwa anywe chai.

Tume iliandika kwamba haikuthibitika kuwa jambo lile limetoka mbinguni, kwamba ono halikumtaja mtu yeyote, na mikusanyiko ikasimamishwa. Mzee Faustini alivuliwa uenyekiti, na mpaka leo ananisalimia kwa kidevu. Skolastika hakuona tena. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kuwa lilikuwa ndoto tupu, na wapo wanaosema alikuwa amekwisha kuelewa. Nikiulizwa kama aliona kweli, najibu sijui, na watu hukasirika, wanadhani naficha siri ya Kanisa.

Siku hizi Roma imeweka utaratibu mpya. Kwa kawaida askofu hatamki tena kwamba jambo fulani limetoka mbinguni. Husema tu kama hakuna kizuizi kwa waamini kusali mahali pale. Nimefurahi. Unyenyekevu huo tulikuwa nao wengine zamani, ila tuliitwa wenye imani haba.

Nimestaafu, nakaa Nachingwea, nalima kidogo, magoti yananisumbua. Juzi katekista kijana wa Ruangwa alinipigia simu, anahema. Picha ya Mama Maria nyumbani kwa muumini mmoja inatokwa machozi, video imeshasambaa, watu wanakesha, Mwalimu tufanye nini, tuchukue yale machozi tuyapime?

Nikamuuliza, "Watu wakiamini, nani atapata shida?"

Akasema, taratibu, "Kuna mama mmoja jirani, Mwalimu. Wameanza kumsema."

"Anza kwake," nikamwambia. "Nenda sasa hivi. Picha itakungoja."