Siku Kificho Alipokataa Kuokolewa

Bi Mwatum wa Kikwajuni alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi au hitima, penye sufuria kubwa hakukosekana na upawa wake. Mwaka 1970 redio ilitangaza kwamba tetemeko la ardhi limeangusha miji huko Peru, na watu wamefukiwa majumbani mwao. Bi Mwatum akashindwa kula. Akauliza Peru ni wapi, akaambiwa ni ng'ambo ya bahari mbili. Pilau isingefika.

"Na zilzala ikija hapa kwetu?" akasema. "Tutasimama tukitazamana?"

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, akawaita majirani uani kwake wajifunze kuokoana. Wengine wafukiwe, wengine wafukue. Majiko yazimwe. Wafukuaji wanyamaze kwanza wasikilize sauti, na asiye na kazi asizibe njia. Atakayetolewa apewe chai na mkate wa kumimina, maana mtu aliyetoka kifusini hutetemeka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kusikia mkate wa kumimina, mtaa mzima ukataka kufukiwa. Watu wakajilaza chini ya majamvi na magunia, wakaugua kwa sauti za kutia huruma. Bi Mize, aliyekuja kuomba chumvi tu, alijitupa mlangoni akasema kaangukiwa na ukuta. Mwokozi akabaki mmoja, Usi fundi viatu, kwa kuwa siku hiyo alifunga sunna.

Usi akafukua peke yake mpaka akalifikia godoro la usufi. Chini yake alilala Kificho, muuza kahawa. Wawili hawa walikuwa hawasemezani tangu mwaka jana, kwa ugomvi wa jogoo.

"Toka," Usi akaliambia godoro.

"Bi Mwatum," Kificho akajibu kutoka chini, "mwambie huyo mie nnangoja mwokozi mwengine."

"Kificho! Zilzala ikija kweli utachagua?"

"Haijaja, Bi. Nna haki ya kuchagua."

Akabembelezwa, akagoma. Mara mvua kubwa ikamwagika. Majeruhi wote wakainuka mbio kukimbilia ndani, na mkate wakauchukua. Godoro likanywa maji, likawa zito, na sauti ya chini yake ikaanza kubadilika.

"Mwambieni Usi..." Kisha, kwa unyonge: "Usi! Usi ndugu yangu!"

Usi hakuwa amekwenda popote. Alikuwa kachutama mvuani, kanyamaza, anasikiliza kama alivyofundishwa. Akamshika Kificho miguu, akamvuta mpaka kikoi kikabaki chini ya godoro.

Bi Mwatum akawaingiza wote wawili ukumbini, akamfunika Kificho kwa kanga yake, akawasha jiko upya.

"Mwambie ahsante," Kificho akamnong'oneza, meno yakigongana.

"Nshasikia," Usi akasema. "Mwambie si kitu."

Wakaendelea hivyo hadi magharibi, Bi Mwatum kasimama baina yao akiwapelekea maneno hatua mbili tu. Kikombe cha chai cha Usi kilikuwa kimefunikwa kisahani, kikingoja afuturu. Adhana iliposikika, Kificho ndiye aliyekifunua, akakisogeza mbele ya Usi bila ya kumtazama.