Kiti Kisicho na Pa Kushikia

Mama yangu amenisukuma miaka sita, tangu pikipiki ituangushe tukitoka Kombewa na miguu yangu ikagoma. Ananisukuma sokoni, kanisani, hata kutoka jikoni hadi mlangoni, hatua nne tu, nikitaka kujua nani anapiga hodi. Nikilalamika anajifanya hasikii. Yeye hukaanga mgongo wazi hapa Obunga, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na mikono yake ina nguvu kuliko ya wanaume wengi ninaowajua.

Kwa hiyo niliposikia kuna timu ya mpira wa kikapu ya watu wa viti vya magurudumu, inayofanya mazoezi Jumamosi kwenye uwanja wa shule moja mjini, nilijua kazi si kucheza. Kazi ni Mama. Tulivutana wiki nzima. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: nikianguka hata mara moja, tunarudi nyumbani na habari hiyo isitajwe tena. Nikakubali. Mjinga mimi, sikujua kwamba katika mchezo ule kila mtu huanguka.

Jumamosi ilipofika, kocha wa timu alinihamishia kwenye kiti cha mchezo, akanifunga mkanda mapajani. Mama akaja nyuma yangu kama kawaida, akapapasa, hakupata kitu. Akainama kutazama. Akamuuliza kocha, kwa heshima kabisa, vishikio viling'oka lini na kama fundi ameshaitwa. Kocha akamweleza kwamba viti hivi havina vishikio kwa sababu havisukumwi na mtu. Mama akabaki kaduwaa, hajui mikono yake aiweke wapi. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamhurumia.

Hilo halikumzuia. Mpira uliponifikia mara ya kwanza nilisikia slipa zikipiga sakafu, na kabla sijageuka Mama alikuwa amekamata mgongo wa kiti, tunakimbia kuelekea kikapuni, naye anawafokea wapinzani vile vile anavyowafokea watu wa sokoni: "Pisheni mgonjwa!" Filimbi ikalia. Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na mgonjwa mwenyewe sikuwa. Kocha akamrudisha kwenye benchi, akampa kazi ya kulinda maji ya kunywa.

Ndipo nikaanza kuonja utamu wenyewe. Nani angeniambia kwamba bado naweza kwenda mbio? Nilizungusha magurudumu mpaka viganja vikawaka moto, nacheka peke yangu kama mwehu, nikajisahau. Nikakata kona vibaya, nikagongana na dada mmoja wa Ahero, nikaenda chini kwa ubavu, kiti na mimi pamoja.

Nilipofungua macho niliona slipa za Mama kwenye mstari mweupe wa uwanja. Nikajua basi, yameisha. Yule dada alisogeza kiti chake karibu akanielekeza: mkono mmoja sakafuni, mwingine kwenye gurudumu, kisha sukuma. Nikasukuma, nikarudi chini. Nikajaribu tena, chini. Bwana mmoja aliyekuwa akitazama akashindwa kuvumilia, akaingia aninyanyue.

"Mwache," Mama alisema. "Ni mtoto wangu. Mwache ainuke."

Nikainuka mara ya tatu, kiwiko kinatoka damu. Mama alikuwa ameuma pindo la leso yake, machozi yanamtiririka. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Jioni tuktuk ilitushusha barabarani, nikaanza kujisukuma kwenye kiti changu cha kila siku kuelekea nyumbani. Mama alitembea kando yangu, mikono ameifunga nyuma, na habari ya sharti lake hakuitaja. Tulifika kwenye kile kilima kifupi kabla ya kwetu. Mikono yangu ilikuwa imechoka, lakini ningekipanda tu.

"Mama," nikamwambia, "nisukume."

Aliniuliza mara mbili kama nimesema kweli, kisha akashika vishikio.