Siku Mwanafunzi Alipoweka Kisu Chini

Siku yangu ya kwanza kufundisha maadili nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, ubao uliopasuka pembeni, na wanafunzi sita kutoka ng'ambo. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa muuguzi mkunga, nimezeekea wodini. Asubuhi hiyo Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali yetu pale Dodoma, aliniita ofisini.

"Sista Leah, vijana hawa wanakaa wiki sita, na baadhi ya wiki hizo watakuwa vijijini. Wafundishe."

"Niwafundishe nini, daktari? Wametoka vyuo vikubwa."

"Udaktari wanafundishwa huko kwao. Wewe wafundishe kukaa na watu wetu bila kumuumiza mtu wala kumdhalilisha."

Matroni, mkuu wa wauguzi, aliniongezea lake kwenye korido: "Usiwahutubie. Waketishe kwenye benchi la wagonjwa tangu alfajiri mpaka waitwe." Nikafanya hivyo. Ilipofika saa tano, hakuna aliyekuwa anachezea simu tena. Walikuwa wamechoka, wana njaa, na wameanza kuwatazama waliokaa nao.

Somo lililowasumbua kuliko yote lilikuwa ridhaa, ile ruhusa anayotoa mgonjwa baada ya kuelewa atakachofanyiwa. Mimi ni Mgogo, najua wazee wetu. Wengi Kiswahili ni lugha yao ya pili, na mgeni akiwauliza jambo huitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Niliwaambia vijana: ukipata ndiyo ya haraka, uliza tena kwa njia nyingine. Somo la pili lilikuwa mipaka ya ujuzi: usimfanyie mtu huku jambo ambalo kwenu usingeruhusiwa kulifanya. Hili waliliandika vizuri, wakaniitikia, nami nikadhani limeingia.

Miaka kadhaa baadaye nilimpeleka mwanafunzi mmoja wa ng'ambo, Tobias, kijana mrefu mwenye haya, kwenye zahanati ya kijiji kilicho mbele ya Gulwe, upande wa Mpwapwa. Tabibu alikuwa amekwenda mjini kufuata chanjo. Tulimkuta mhudumu peke yake, na mama mmoja, Sechelela, aliyetembea tangu alfajiri na mwanawe wa miaka miwili mgongoni. Mtoto alikuwa na uvimbe kwenye kinena, mgumu, na alikuwa akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Jipu hilo," alisema mhudumu. "Likipasuliwa atalala."

Nililigusa. Na mimi, kwa uzoefu wangu wote, nikaona ni jipu. Watu waliokuwa wakingoja wakaanza kusema, "Si daktari Mzungu yupo? Tunangoja nini?" Mhudumu akaleta kisu na dawa ya kusafishia. Tobias akanitazama. Nami nikamwitikia kwa kichwa. Ndiyo, mimi niliyemfundisha.

Alishika kisu. Kisha akakirudisha kwenye trei, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Mama, mimi si daktari. Mimi mwanafunzi. Sijafanya hii hata mara moja. Samahani."

Sechelela alimtazama, kisha akanigeukia mimi kwa Kigogo, kwa hasira: "Basi huyu amekuja kufanya nini?"

Nilipomtafsiria Tobias maneno hayo, uso ulimwiva kwa aibu. Akaniuliza mtoto ametapika mara ngapi. Hatukuwa tumeuliza. Mama akasema tangu jana hakibaki kitu tumboni. Hapo ndipo nikaanza kulitilia shaka lile jipu. Tulipanda gari la hospitali lililotuleta saa ileile, mtoto mapajani mwa mama yake, Tobias ameshika chupa ya maji ya dripu njia nzima ya vumbi hadi hospitali ya Mpwapwa.

Halikuwa jipu. Ilikuwa ngiri iliyonasa: kipande cha utumbo kilichopenya na kubanwa. Daktari wa upasuaji alipotoka chumba cha upasuaji alisema maneno machache tu: "Kisu kingekata utumbo." Mtoto alipona. Siku ya tatu Sechelela alimwona Tobias akiingia wodini akamwambia, "Mbukwenyi," salamu yetu ya Kigogo, akamsogezea nafasi kwenye mkeka wake.

Niliporudi Dodoma nilimweleza Mganga Mfawidhi kila kitu, pamoja na kile kichwa changu kilichoitikia. Nilitarajia aniondoe darasani. Badala yake alisema, "Sasa ndiyo una la kufundisha." Tangu siku ile kila kundi jipya nililianzishia masomo kwa kusimulia kosa langu.

Nimestaafu, naishi Mkonze, hapahapa Dodoma, na mizabibu michache. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini mwaka huu watu wa hospitali wamekuja kunichukua niwafundishe wauguzi wetu wenyewe, vijana wa hapahapa, wanaokwenda kusaidia miezi mitatu katika nchi nyingine. Niliingia darasani nikiwa na daftari limejaa. Binti mmoja, Neema, akasimama kabla sijalifungua.

"Shikamoo mama. Huko watatuita mabingwa. Mimi naogopa kwamba nitaona aibu kusema sijui."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Kaa hapa mbele."

Nikaliweka daftari kando, tukaanza na hofu yake.