Sahani ya Zohra

Shangazi yangu Kulthumu alishona nguo za watoto mjini Gitega kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka minane ya mwanzo hakumgusa hata mtoto mmoja. Mama akimleta mwanawe kupimwa sare, shangazi alimpa mama huyo utepe, naye akabaki nyuma ya cherehani akizisoma namba kwa mbali. "Shika begani, dada. Hapo hapo." Wateja walidhani ni maringo ya fundi. Mumewe, Athumani, aliyeshona kanzu kwenye cherehani ya pili, alijua sababu, na hakuwahi kuisema mbele za watu.

Sababu hiyo ilikuwa imebaki Muyinga, katika mtaa wa Waswahili, tangu mwaka wa uhuru, 1962. Babu yangu Saidi alikuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Bibi yangu Fatuma alipika vitumbua. Ukuta wa nyumba yao ulishikana na duka la Nurmohamed, muuza vitambaa na chumvi, ambaye binti yake Zohra alikuwa rika moja na Kulthumu. Kila siku watoto hao wawili walicheza duka kwenye ua wa nyuma. Zohra ndiye aliyekuwa akiuza, kwa kuwa duka lilikuwa la baba yake, na Kulthumu akinunua mchanga kwa majani.

Kabla mwaka ule haujaisha, akina Nurmohamed walipakia vitu vyao kwenye lori wakaenda Tanganyika. Mlango wa mbele ulitiwa kufuli. Kulthumu alikuwa na miaka saba. Kwenye mlango wa jiko lao la nyuma ubao mmoja ulikuwa umeng'oka chini, na mtoto mwembamba kama yeye aliweza kupita.

"Uko na nani huko ndani?" bibi aliuliza siku moja, akiwa amemfunga mgongoni mwanawe mchanga, Houssein.

"Niko na Zohra."

"Haya, msalimie."

Bibi alishukuru kupata utulivu. Shangazi alinieleza hayo mwenyewe, nilipokaa kwake Gitega kwa masomo. Alisema mwanzoni alijua kabisa kwamba anabuni. Alimsemesha Zohra kama mtoto anavyomsemesha mwanasesere wa majani ya mgomba. Baada ya wiki kadhaa Zohra akaanza kujibu kabla hajabuniwa jibu. Alivaa gauni lile lile la manjano alilosafiri nalo. Hakusogelea pale mwanga ulipoingia. Na hakutaka tena kuulizwa anauza nini. Yeye ndiye aliyeuliza: leo umeniletea nini?

Ikaja Idd ya kwanza baada ya uhuru. Siku ya Idd mtaani kwetu sahani hutembea nyumba hadi nyumba, na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ukiletewa pilau, utaosha sahani, utatia hata kama ni ndizi mbili, ndipo uirudishe. Bibi alipomaliza kugawa, Kulthumu alianza kulia. Majirani wote wamepata, Zohra hakupata.

Bibi alicheka. Akachukua sahani ndogo ya bati yenye ukingo wa buluu, akatia vitumbua viwili. "Haya mpelekee rafiki yako. Lakini umwambie, sahani ya watu hairudi tupu."

Siku ya tatu bibi aliikuta sahani hiyo kando ya mafiga. Ilikuwa imejaa manyoya ya kuku, yameoshwa, yamepangwa kuanzia dogo hadi kubwa. Kuku wa mayai hakuonekana tangu jana yake.

"Kulthumu! Hii imetoka wapi?"

"Zohra amerudisha sahani. Umeona, hakurudisha tupu." Mtoto alikuwa na furaha. "Sasa ni zamu yetu, mama."

"Hakuna zamu. Imekwisha."

"Haiishi. Mama Riziki akikuletea, we hupeleki tena?"

Ndivyo bibi alivyokuwa amemfundisha. Alitupa manyoya chooni. Babu aliporudi kutoka sokoni, bibi akamwambia kuku amechukuliwa na mwewe. Ule ubao wa jiko la Nurmohamed aliona ataugongomelea kesho, na kesho ikawa na kazi zake.

Juma moja likapita. Baada ya sala ya alasiri bibi alimlaza Houssein kwenye mkeka, akaenda kuteka maji. Aliporudi mkeka ulikuwa mtupu, na Kulthumu ameketi kizingitini akijifuta vumbi magotini.

"Mtoto iko wapi?"

"Nimempeleka kwa Zohra. Alisema vitumbua hataki tena, anataka yule anayelia."

Babu alivunja mlango wa mbele wa duka kwa shoka. Ndani mlikuwa na kreti kubwa ya mbao iliyokuwa ya chumvi, kifuniko kimeshuka. Walimkuta Houssein humo, amefungwa katika kanga mpya ya Idd ya mama yake, amelowa jasho, macho wazi, halii. Pembeni yake alikuwa yule kuku wa mayai, hana hata unyoya. Mtoto alipopigwa na hewa akapiga kelele, na mtaa mzima ukapumua.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akaitwa. Alisoma, akaandika kombe la aya zilizooshwa kwa maji, Kulthumu akalinywa bila ubishi. Mwalimu akamuuliza kwa upole kama yule rafiki amekwenda zake.

"Amekwenda," alijibu. "Amesema hana haraka."

Maneno hayo yalizunguka Muyinga kuliko habari ya kreti. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa Kulthumu mtoto wa kubeba. Mtaani kwetu mtoto mchanga hukaa mikononi mwa kila mtu. Mwanamke akitaka kuinama kwenye beseni, humpa aliye karibu bila hata kumtazama. Mikono ile ilipofika kwa Kulthumu ilimruka. Akajifunza kushona, kwa sababu anayeshika sindano haombwi kushika kitu kingine. Watu walisema ni mtoto aliyeuza ndugu yake kwa jini. Bibi aliyasikia, akaendelea kukaanga vitumbua.

Aliolewa Gitega akiwa na miaka kumi na tisa. Watoto hawakuja, naye, kwa maneno yake mwenyewe, hakumsumbua Mungu sana. Kitu kimoja tu alikitamani. Kwetu siku ya saba, siku ya akika, mtoto mchanga anapochinjiwa mbuzi, dada wa baba ndiye anayemtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, kutoka chumba alichozaliwa hadi kwenye jua. Houssein hakuwa na dada mwingine. Siku Houssein akipata mtoto, ama Kulthumu atapewa amtoe, ama mtaa utasema hadharani kile ambacho hadi hapo ulikisema kwa mikono.

Mwaka wa tano wa ndoa yake aliingia dukani mwanamume Mhindi mwenye mvi za mapema, akataka suruali. Alikuwa Hasham, kaka yake Zohra, anapita Gitega kwa biashara. Shangazi akauliza habari za nyumbani huku akitafuta chaki.

"Zohra? Yuko Kigoma, amenenepa! Watoto watatu. Anakukumbuka sana."

Hasham alipoondoka shangazi alikaa bila kukanyaga cherehani.

"Kama Zohra alikuwa Kigoma, anakula na kukua," alimuuliza mumewe, "mi nilikuwa nacheza na nani?"

"Ulikuwa unacheza peke yako," Athumani akasema kwa nia njema.

"Basi hicho ndicho kinachoniogopesha."

Mwaka 1982 mke wa Houssein, Zaituni, akajifungua mtoto wa kike. Kulthumu alifika Muyinga asubuhi ya siku ya saba na kigauni cheupe alichokishona kwa kukisia. Ua ulijaa wanawake, mchele unachaguliwa, nyama ya akika inakatwa. Mama Riziki, jirani wa zamani, alikuwa amekaa mahali ambapo hapitwi na neno.

"Kwani shangazi ni mmoja tu?" akauliza kwa sauti.

"Mmoja," akajibiwa.

"Bon. Basi tuazime wa nyumba ya pili. Kuazima si aibu, mi nimeazima hata mwiko."

Wakacheka. Houssein, kijana wa miaka ishirini, akatokea mlangoni. "Mtoto wangu atatolewa na dada yangu."

"We ulikuwa ndani ya kreti, baba, huwezi kujua," Mama Riziki akamwambia. "Sisi tulikuwa nje, tuliona."

Ndani, Zaituni alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani. Kulthumu alimwona, akaiweka mikono yake nyuma.

"Mwacheni Mama Riziki amtoe," alisema. "Mi nitabeba chetezo cha ubani. Inatosha."

Ndipo bibi Fatuma akasimama kutoka kwenye mchele. Alijipangusa mikono kwa muda mrefu.

"Ile sahani ya Zohra niliijaza mimi," alisema. "Huyu alikuwa mtoto, analia mwenzake kaondoka. Mimi mtu mzima nikacheka, nikatia vitumbua, nikamwambia isirudi tupu. Iliporudi na manyoya nikajua, nikamdanganya mume wangu kuhusu mwewe. Ubao niliuacha. Miaka ishirini mnamwita muuza ndugu, na mimi nakula naye, nanyamaza."

Mama Riziki aliangalia ungo wake.

Zaituni alimtazama Kulthumu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza hali ya barabara: "Wifi, sasa hivi unasikia nini?"

Kulthumu alisikiliza kweli. Wanawake waliona anasikiliza.

"Nasikia mtoto ana njaa," akasema. "Na nasikia miguu yangu inatetemeka. Houssein atembee kando yangu."

"Hayo hata mi nasikia," Zaituni akasema, akamwekea mtoto mikononi.

Mtoto huyo ni mimi. Kutoka kitandani hadi uani si zaidi ya hatua kumi, lakini wote waliokuwepo husema zilichukua muda, kwa sababu shangazi alisimama kwenye kizingiti na kutazama kila upande, pale palipo giza na pale palipo mwanga. Kisha akatoka. Jua likanipiga usoni, nikalia, vigelegele vikapanda. Bibi akanyoosha mikono.

"Nipe sasa, mwanangu. Umechoka."

"Bado kidogo, mama," Kulthumu akasema. "Bado kidogo."