Jembe Lililobebwa Mgongoni

Mwaka ule wa vita, wenye silaha walipopita kijijini kwetu, karibu na Nundu, walibeba kuku wote na majembe yote. Habari ya kuku niliielewa. Majembe yalinishangaza, mpaka niliposikia walitaka kuchimbia mahandaki. Mimi nilikuwa bibi arusi wa miezi michache, na shamba langu la kwanza lilikuwa bado pori.

Kwetu mke mpya alipimwa kwa shamba. Udongo ugeuzwe wote, majani yachomwe, pasibaki hata unyasi. Aliyeacha majani shambani aliitwa mvivu, na mvivu alirudishwa kwao. Mama mkwe wangu, alipokimbilia Tanzania ng'ambo ya ziwa, aliniachia neno moja tu: "Siku nitarudi, nitaanzia ku shamba." Nilimpenda mume wangu, pamoja na kukoroma kwake kote. Sikutaka kurudishwa.

Sasa ningelima na nini? Kijiko? Nilifyeka majani kwa panga nikayaacha yalale palepale, maana kuchoma hatukuthubutu: moshi ungewaonyesha wale mabwana tulipo. Nikachonga fimbo. Natoboa shimo, natia mahindi. Natoboa shimo, natia maharage. Jirani yangu, mke wa mwalimu, aliniuliza kama ninapanda au ninamchoma adui mkuki. Nilimjibu vibaya, kwa sababu nilikuwa na aibu.

Mahindi yakaota katikati ya majani, yakanifika magotini. Ndipo ikaja habari kwamba mama mkwe anavuka keshokutwa, atashukia bandari ya Baraka. Nilihitaji jembe haraka. Yule mke wa mwalimu niliyemjibu vibaya ndiye aliyekuwa na jembe la mwisho kijijini, kalificha kwenye nyasi za paa. Nilimwomba msamaha mara tatu kabla hajapanda kulichukua.

Shamba zima nisingelimaliza. Basi nikashughulikia ukanda wa kando ya njia peke yake, ule unaoonekana na wapita njia. Nikazoa majani yote, nikageuza udongo katikati ya mimea mpaka ukabaki uchi. Kutoka njiani ungesema ni bustani ya masista. Mume wangu alipouona alicheka mpaka akakaa chini.

"Hili shamba ulilinyoa ndevu tu!"

Mama mkwe hakuja keshokutwa. Boti ilikosa mashine, halafu mafuta, halafu upepo ukachafuka. Zikapita wiki tatu, na wiki zote tatu mvua iligoma.

Siku aliyofika, tulimwona akija na mtoto mgongoni, kafunikwa kitenge gubigubi. Mwanamke wa umri ule! Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Akafungua kitenge mbele yetu: jembe jipya. Kwenye kizuizi cha barabarani alikuwa amewaambia wenye silaha, "Mutoto iko na surua, musimufunue," wakaruka nyuma na bunduki zao. Njia nzima kutoka Baraka alikuwa akilibembeleza na kuliimbia.

"Ni yako," akaniambia, akinikabidhi. "Twende ku shamba."

Nikamfuata, jembe mkononi. Ule ukanda wangu wa masista ulikuwa umekauka, udongo umepasuka, mahindi yamejikunja. Nyuma yake, kwenye majani yale ya aibu, mahindi yalinifika kifuani, ya kijani kabisa. Mama mkwe akaingia humo, akafunua majani kwa kidole cha mguu. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na mbichi, nyungunyungu wakajificha.

"Hapa katikati ulilima na nini?"

"Na fimbo, mama."

"Na huku kando ya njia, nani aliharibu?"

Nilimtazama mume wangu. Nilitamani sana kumsingizia.

"Ni mi, mama. Niliazima jembe."

Nikaanza kufunga mizigo yangu moyoni. Kisha akanipokonya lile jembe jipya, akalirudisha mgongoni na kulifunga kitenge.

"Kumbe nilibeba huyu mutoto bure."

Akachuchumaa palepale, akaanza kuzoa majani ya katikati kwa mikono na kuyatandika kwenye ukanda wangu uliokauka. Nilisimama nikilia kama mjinga.

"Leta majani, mwana wangu," akasema bila kugeuka. "Polepole. Mutoto iko nalala."