Kinyoya Kisichotaka Kwenda Sawa

Kwa miaka ishirini na miwili mke wangu alikuwa fundi wa kufunga majengoni njia za hewa zilizochorwa na watu wengine. Wahandisi walichora, yeye akapanda ngazi na bisibisi mfukoni, akashuka na vumbi kichwani. Mara nyingine alishuka amenuna, kwa sababu ramani ilipitisha bomba la bati katikati ya nguzo, na aliyeichora yuko ofisini anakunywa chai. Ndipo akarudi shule, mtu mzima na miwani yake, akakaa darasani na vijana wa rika la binti yetu. Mimi fundi cherehani nilimcheka sana. Lakini siku alipopewa achore mwenyewe mfumo wa hewa wa ukumbi wa michezo wa chuo kikuu, nilimshonea shati jipya la kazi, lenye mifuko sita. Mimi si mtu wa maneno matamu.

Kazi hiyo ilikuwa na mtego. Watazamaji elfu tatu wangetaka hewa ya kutosha, ila mchezo wa ufunguzi ulikuwa vinyoya, ule wa kupiga kinyoya kwa raketi juu ya wavu, na kinyoya hakina uzito. Upepo kidogo tu, kinayumba. Kwa hiyo alichora hewa itoke darini, ielekee pembeni kwa watazamaji, ivutwe chini ya viti vyao, na pale katikati wanapocheza pabaki shwari.

Jumatatu ya wiki ya ufunguzi mafundi wakawasha mashine kwa nguvu kamili, si nusu kama siku za ujenzi. Kocha wa chuo, mama mmoja mrefu asiyejua kuzunguka mbuyu, akapiga kinyoya. Kikapinda, kikatua nje ya mstari. Akapiga cha pili, nacho kikapinda vilevile.

"Dada yangu," akamwambia mke wangu, "hapa tutacheza vinyoya au tutaanika nguo?"

Msimamizi wa ujenzi hakucheka. Upepo usipotulia kufikia Alhamisi, alisema, mashine zitazimwa, watu watakaa na jasho lao, na baada ya ufunguzi ataitwa mhandisi mwingine achore upya.

Siku mbili mke wangu hakugusa chakula. Alipiga hesabu pale mezani, akazirudia, zikaja zilezile.

"Hesabu ziko sawa," akaniambia.

"Basi tatizo nini?"

"Basi tatizo ni mimi. Ningebaki na bisibisi yangu."

Neno hilo liliniuma kuliko sindano. Nilimwambia aache upuuzi, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kisha nikajuta. Jumatano adhuhuri nikafunga duka, nikampelekea chakula kazini.

Nje jua lilikuwa kali. Ndani, mafundi walikuwa wamekaa duara katikati ya uwanja, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, wanakula. Wakanikaribisha. Nikakaa, nikafungua kifungo cha shati. Raha iliyoje!

"Mama, njoo ule huku!" nikamwita mke wangu. "Huku ndiko kwenye upepo!"

Alikuwa kwenye viti vya watazamaji na ramani yake mapajani. Akanitazama mimi, akawatazama mafundi.

"Kwani nyinyi kila siku mnakula hapo?"

Fundi bati, ambaye wenzake humwita Babu Nyundo ingawa hana hata mvi moja, akajibu huku anatafuna. "Kila siku, bosi. Si wewe mwenyewe? Tulipokuwa tunapigilia sakafu tukalia joto, ukatuambia tuinamishe vile vibati vya juu."

Mke wangu akainua uso. Matundu sita ya katikati, na vibati vyake vya kuelekezea hewa vyote vimeinama, vinatupulizia utosini. Aliagiza hivyo mwezi mzima nyuma, kwa huruma yake, akasahau. Mafundi hawakumkumbusha. Nani anarudisha raha kwa hiari?

Kikulacho ki nguoni mwako. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akala chakula chote, na changu pia.

Alasiri hiyo alipanda ngazi mwenyewe, akarudisha vibati kimoja kimoja. Alhamisi kocha akapiga vinyoya ishirini, na kila kimoja kikaenda alikokituma.

"Sasa nikishindwa," kocha akasema, "sina wa kumsingizia."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Mimi na mke wangu tulikaa safu ya juu kabisa. Vinyoya sivijui, kwa hiyo nilitazama watu. Hakuna aliyejipepea wala aliyefuta jasho, na hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Furaha ikanijaa kifuani, nikashindwa kukaa nayo. Mchezaji alikuwa ameinua mkono aanzishe mchezo, ukumbi mzima kimya, nami nikasimama nikapiga makofi, nimeelekeza uso darini.

"Kaa chini, mzee!" jirani akafoka. "Hata hawajaanza!"

Nikaendelea kupiga. Mke wangu alinivuta shati, akisema namtia aibu, na machozi yanamtiririka kwa kicheko. Halafu Babu Nyundo, safu tatu chini yetu, akageuka, akatuona, akasimama naye akapiga makofi.