Surua Tuliyoifuata Kirando

Niliondoka Sumbawanga kwenda Kirando kumwezekea nyumba dada yangu Leokadia, mjane aliyekuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilimchukua binti yangu Veronika, wa miaka mitatu, ili mama yake aliyekuwa mjamzito apumzike.

Asubuhi tulipanda lori la mfanyabiashara wa mjini, juu ya magunia ya mahindi. Upepo wa Ufipa ulitupiga usoni, na Veronika akajificha ndani ya koti langu.

Tulipofika Chala, lori lilisimama. Kwenye zahanati walikuwa wakichanja watoto surua.

"Huyu amechanjwa?" mganga akaniuliza.

"Bado. Tukirudi."

"Foleni fupi, ndugu."

Dereva alipiga honi. Nikapanda.

Kirando tulikuta kijiji kizima kinanuka dagaa. Watoto wawili wa dada walikuwa wamelala ndani, macho mekundu, uso umejaa vipele. Nilisita mlangoni. Dada akanicheka.

"Kaka, usomi umekutia woga? Mlaze nao. Surua ikishapita haimrudii mtu. Si ndivyo mama alivyotulaza sisi?"

Ndivyo alivyotulaza. Kwetu akiugua mmoja, wengine waliletwa wapate pamoja, wauguzwe mara moja. Nilimlaza Veronika katikati ya binamu zake, nikaenda kukata nyasi.

Paa lilipokwisha, wale wawili walikuwa wakikimbizana ufukweni. Veronika alikuwa anawaka homa. Vipele vikafuata, kisha akakataa kufungua macho. Niliyafungua kwa vidole, nikaona ukungu mweupe.

"Ondoka naye leo," dada akasema. Hakucheka.

Chala, wakati wa kurudi, mganga yuleyule alimpokea. Alimtibu kwanza, akaniambia ataishi. Macho aliyamulika kwa tochi, akatikisa kichwa. Nikamuuliza kwa nini binamu zake aliolala nao wamepona salama.

"Bahati, na afya waliyokuwa nayo," alisema. "Kwenye damu kuna seli nyeupe za kumpiga adui. Seli B hutengeneza kingamwili za kukamata virusi. Seli T, nyingine huzisaidia hizo B, nyingine huua seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa. Lakini mara ya kwanza zinazomtambua adui huyu ni chache mno. Lazima zizaliane kwanza, na hilo huchukua siku nyingi. Surua haizisubiri."

"Na baadaye?"

"Baadhi hubaki miaka na miaka zikimkumbuka. Akirudi, hazichelewi."

"Basi dada hakukosea."

"Hapo hakukosea. Lakini chanjo huzifundisha seli hizohizo kwa virusi vilivyodhoofishwa. Ninyi mmezifundisha kwa surua yenyewe, ndugu yangu."

Nilikaa chini sakafuni, mbele ya akina mama wa foleni. Nilikuwa nimesoma sekondari. Hakuna aliyenishurutisha kupanda lile lori.

Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba wazee wetu walijua mwili unakumbuka. Waliwahesabu waliopona. Sisi tuliosoma ndio tuliopaswa kuuliza habari za wasiopona, na mimi sikuuliza.

Sumbawanga tulifika jioni. Mke wangu, Skolastika, alitoka jikoni akiwa amenyoosha mikono.

"Vero, njoo kwa mama."

Mtoto alisimama palepale, akamgeuzia sikio.

"Mama, uko wapi?"